Mama Komeo, Aliyechelewa Kufungua

Uvumi ulianzia kwenye foleni ya bomba: eti mshona nguo wa chumba cha mwisho alimwacha binti yake afe bila kuombewa, kisa aibu ya vyombo vichafu. Mama huyo aliusikia ndoo ikiwa mkononi, na haukumtoka tena hadi anaingia kaburini, maana hakuwa na la kuukanushia. Wanaomwita leo mtakatifu wa mtaa wetu na waujue ukweli huo kwanza.

Alizaliwa mwaka wa njaa, kitinda mimba wa seremala na mkewe, akabatizwa angali mchanga. Shule aliishia darasa la nne. Aliolewa, akafiwa na mume mapema, akamlea binti yake wa pekee kwa cherehani. Imani alikuwa nayo: rozari ilining'inia juu ya cherehani, na Jumapili hakukosa misa, benchi la nyuma karibu na mlango. Lakini jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa iliposali nyumba kwa nyumba, zamu yake ikifika hakukosa udhuru. Ndipo wakambatiza upya: Mama Komeo.

"Mama Komeo, leo tena una wageni?" mwoka mikate, kiongozi wa jumuiya, alimtania. "Wageni gani hao hawaondoki? Watakumalizia unga!"

"Niacheni jamani. Mimi Mungu wangu yuko moyoni."

"Huko moyoni ana pa kukaa, au nako umetia komeo?"

Wakacheka, naye akacheka. Mwishowe wakazoea, wakawa wanauruka mlango wake bila kuuliza.

Binti akaugua kifua, akakonda akabaki macho. Jioni moja jumuiya ilikuwa ikisali chumba cha jirani, nyimbo zikapenya ukutani. Binti, aliyekuwa akiimba kwaya kabla ya ugonjwa, akasema, "Mama, waite waje waniombee. Mara moja tu."

Mama akatazama chumba: sufuria zenye ukoko, vitambaa vya wateja kila mahali, beseni la matapishi chini ya kitanda. "Kesho, mwanangu. Nifagie kwanza."

"Kwani wanakuja kuona sakafu?"

Mama akachukua ufagio. Alisikia viatu vikipita mlangoni, vikaenda zake. Kulipokucha chumba kilikuwa safi, na binti alikuwa amekata roho.

Mazishini mwoka mikate alilia kuliko ndugu. "Dada, na sisi tulipita tu. Tulijua hupendi." Kosa lilikuwa la wote, lakini mama hakukubali kuligawa.

Baada ya msiba alimfuata mwoka mikate kwenye tanuri lake. "Nipeni wagonjwa."

"Wagonjwa gani, dada?"

"Wale mnaokimbia harufu yao."

Tangu hapo aliwaosha, akawachana nywele, akawalisha, akawaimbia kwa sauti mbaya mpaka wenyewe wakamwomba anyamaze. Majirani hawakumwonea huruma. "Wa kwake alimshinda, sasa anatafuta wa watu!" Yeye aliitikia, "Kweli," akaendelea kukamua shuka. Kuna mpagazi mmoja aliyekuwa amegeukia ukuta, hali wala hasemi. Siku alipooshwa miguu aligeuka, akaomba maji. Watu wakasema ni muujiza. Mama akasema, "Alikuwa na kiu. Hakuna aliyemuuliza."

Ugonjwa wa kifua ukampata naye kwa kuwauguza. Padri alipokuja kumpaka mafuta, chumba kilijaa watu hadi kibarazani. Akamfariji kwamba karibu atamwona binti yake. "Nitamwona, Baba," akasema. "Nitamwambia nini?" Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Leo akina mama huenda kaburini kwake kuwaombea watoto wao, na wengi husema wamesikilizwa. Ni vyema. Lakini yeye angependa zaidi tuyaepuke haya:

Kusubiri nyumba iwe safi ndipo uwaite wanaosali.
Kusema imani iko moyoni, huku mikono umeikunja.
Kuuruka mlango wa mtu kwa kuwa alikwisha kukukatalia.
Kumsifu marehemu na kumwacha mgonjwa wa jirani hajaoshwa.
Kumwambia mtoto mgonjwa, "Kesho."