Magurudumu Manne ya Shemeji Farasi

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa kuchomelea mageti. Ukikaa naye muda wa kikombe kimoja cha chai utajua mambo mawili: kwamba hakuna geti lake lililowahi kung'oka, na kwamba pikapu yake ina nguvu za farasi mia tatu. La mageti ni kweli. La farasi nalo ni kweli, kwa bahati mbaya.

Pikapu ile ilitengenezwa kwa mbio za lami. Iko chini, nyekundu, na injini yake ikiwashwa vikombe vya jirani vinagongana kabatini. Nguvu zote hizo zinakwenda kwenye magurudumu mawili ya nyuma. Ya mbele yanafuata tu, kama wageni waalikwa. Mjini hilo si tatizo. Lakini mama yetu alikuwa anakaa juu ya kilima cha udongo wa mfinyanzi, na udongo ule ukilowa hata mbuzi wanafikiri mara mbili.

Mama ana miaka sabini na magoti ambayo hayamsikilizi tena. Alipoanguka mara ya pili akichota maji, alikubali kushuka aje kuishi kwa dada, kwa sharti moja tu: kitanda chake kije naye. Ni kitanda cha mbao nzito alichokichonga marehemu baba kwa mikono yake, na Mama alisema hatalala juu ya kitu kingine. Mimi nikashauri tukodi lori. Shemeji akaniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Mama mkwe ahamishwe na gari la kukodi, na mimi nina gari?" alisema. "Watu watanielewaje?"

Akaenda siku hiyohiyo, mvua ya asubuhi haijakauka. Chini ya kilima magurudumu ya nyuma yakazunguka palepale, yakarusha tope mpaka kwenye nguo za watu zilizoanikwa, na gari ikazama. Aliyekuja kuitoa ni muuza maji na punda wake wawili. Mama aliyaona yote kutoka juu, ameketi kwenye kiti chake mlangoni. Kuanzia jioni ile mtaa mzima ukamwita shemeji Farasi, na haikuwa kwa heshima.

Mtu mwingine angesubiri wiki mbili kilima kikauke, akapanda taratibu, yakaisha. Farasi alisubiri siku moja. Akaipandisha pikapu juu ya matofali na kutangaza kwamba ataifanya ivute kwa magurudumu yote manne.

Alinieleza mpango wake huku akichora kwa chaki kwenye geti la mteja. Ili magurudumu ya mbele nayo yavute, unatafuta difu ya mbele ya kuyazungusha, shafti ya kuipelekea nguvu, na boksi la gia la kugawa nguvu hizo mbele na nyuma. Kwa mtu ambaye maisha yake yote ameunganisha vyuma, hii ilikuwa ni kuunganisha vyuma vingine vitatu tu. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa, na tangu hapo nikawa mshika spana wake mkuu. Nakiri mapema, nisije nikaonekana nasimulia na mikono yangu misafi.

Vyuma vikaanza kuingia nyumbani. Difu ya kwanza ilikuwa fupi, ya pili ndefu, ya tatu ilitoka kwenye gari la kubeba mchanga, ya nne ndiyo ikaenea. Boksi la kwanza halikuoana na injini, la pili likavuja, la tatu likakubali. Dada alikuwa ameshapaka rangi chumba cha Mama na kutundika pazia jipya. Farasi akaomba aweke humo kitu kimoja tu, kisipate kutu. Wenye waume mafundi wanajua kitu kimoja huwa kinaita wenzake.

Kiangazi kikaja. Kilima kikakauka kikawa kama sakafu, na magari ya kila aina yakawa yanapanda bila shida. Mama alipiga simu kutuarifu.

"Leo kapanda muuza mikate na kile kigari chake," alisema. "Nimekitazama tu."

"Mwambie Mama avumilie kidogo," Farasi alijibu kutoka uvunguni mwa pikapu. "Nikimaliza, hata mvua inyeshe mwezi mzima, tutapanda."

Nilimwambia Mama avumilie. Lori lilikuwepo siku zote, namba ya dereva ninayo kwenye simu, na mimi nikashika spana. Hata leo naona aibu.

Kikwazo kikubwa kilikuwa kile kichwa kinene cha difu, pale gia zilipo. Kiligonga bakuli la oili chini ya injini. Mafundi wa magari walimshauri akate bakuli alitengeneze upya, akasema yuko tayari kukatwa yeye. Alizunguka lile gari wiki mbili, bila kula vizuri, kisha asubuhi moja akapata jibu: aliipindua difu juu chini. Kichwa kikahamia upande wa pili, penye nafasi, kikakaa kama kilizaliwa pale. Farasi alicheka peke yake kwa muda mrefu.

Tukaijaribu palepale uani, imeinuliwa kwa jeki. Farasi alikaa kwenye usukani, na kila gurudumu akaliwekea mtu wake: mimi mbele kushoto, dada mbele kulia, majirani wawili nyuma. Kazi yetu ilikuwa kupaza sauti likizunguka. Injini ikanguruma, na sote wanne tukajibu, mmoja baada ya mwingine, "Linazunguka!" Tukapeana mikono. Hakuna aliyeulizwa linazungukia wapi.

Barabarani akaendelea kutumia ya nyuma tu. Mkono wa gia wa kuunganisha ya mbele hautaguswa, alisema, mpaka siku ambayo Mama anatazama.

Siku hiyo ilifika pamoja na mvua mpya. Tulisimama chini ya kilima, mimi pembeni yake kwenye pikapu. Mama alikuwa juu, kwenye kiti chake. Farasi alipiga honi mara mbili, akavuta ule mkono, akakanyaga mafuta.

Gari ilitetemeka, ikapiga kelele, haikwenda popote. Ya nyuma yalichimba kwenda mbele, ya mbele yakachimba kurudi nyuma, na pikapu ikashuka ardhini taratibu, kwa usawa kabisa. Muuza maji alikuwa anapita na mkokoteni wake. Alisimamisha punda, akatazama kwa makini.

"Haya ya mbele," aliuliza, "yanarudi nyumbani?"

Farasi alitoka, akalala kwenye tope, akachungulia chini. Difu aliyoipindua juu chini ilikuwa inayazungusha ya mbele kinyumenyume. Nilipoinua macho, kiti cha Mama kilikuwa kitupu. Alikuwa anashuka, na fimbo, ubavuubavu, peke yake. Nilikimbia kumpokea.

"Mama, ungesubiri."

"Nimesubiri, mwanangu. Kiangazi kizima nimesubiri."

Alipompita Farasi alisema, "Pole na kazi, mkwe wangu," na hakuwa anakejeli. Ningependa angekejeli. Majirani wanne wakakiteremsha kitanda mabegani, kikapakiwa kwenye mkokoteni wa muuza maji, Mama akakaa juu yake. Mama yangu alihamishwa na punda wawili.

Nyumbani dada alifungua chumba. Difu tatu, maboksi mawili, shafti zimeegemea ukutani, na kwenye pazia jipya alama ya kiganja cha grisi. Mama alisimama mlangoni akatazama.

"Kumbe hivi vilishahamia," alisema, akaketi juu ya difu ya karibu.

Farasi alivitoa kimoja kimoja, tope bado limemkaukia usoni, na mimi nikabeba naye. Tulifuta sakafu, tukakiingiza kitanda. Kisha akachuchumaa mbele ya Mama na kumuuliza, kwa mara ya kwanza tangu gari ipande matofali, magoti yanaendeleaje.

"Yanauma, baba," Mama alisema. "Yameshuka kilima."