Kaburi la Askari Wangwe

Emmaculate aliacha omena wake, dagaa aliowaanika juu ya nyavu, wakanyeshewa. Ukiwa mtu wa Sindo utajua hilo si jambo dogo, maana mama huyu hunusa mvua kabla mawingu hayajakusanyika, na ametuita wazembe sisi wenzake wa ufukweni mwa ziwa miaka nenda miaka rudi. Siku hiyo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyavu zimejaa samaki, maji yanamiminika, naye anatazama miguu yake. Nilimkimbilia nikidhani kuna msiba.

"Wanaenda kufukua mzee," aliniambia. "Alhamisi."

Mzee huyo ni babu yake, Wangwe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari wa chifu walimtoa shambani kwake Lambwe, akapelekwa Burma kupigana na watu ambao hakuwa na ugomvi nao. Hakurudi. Miaka michache baadaye serikali hiyo hiyo ya mkoloni ikakihamisha kijiji chake, ikasema ni kwa sababu ya mbung'o, wale inzi wa malale, na kwamba watu watarudi inzi wakiisha. Inzi walipungua. Ardhi nayo ikawa imepata ua, hati na mwenyewe mwingine. Emmaculate alizaliwa huku ufukweni, na maisha yake yote amesema "kwetu" huku akinyoosha kidole upande wa pili wa vilima. Amezika mume, amesomesha watoto kwa omena, na amekataa katakata kununua ploti Sindo. Ukimshauri anunue, anakuuliza kama umesikia yeye hana kwao.

Sasa imeundwa tume ya kusikiliza malalamiko ya zamani ya ardhi. Mpwa wake Zablon, mwalimu, ndiye anayeusemea ukoo. Wakili wa mwenye shamba alidai pale palikuwa pori tupu, hapajawahi kukaa mtu. Zablon akaruka: babu yetu amezikwa pale! Wakili akatabasamu, akasema basi kaburi lifukuliwe, na mifupa isipoonekana kesi iishe. Tume ikakubali.

"Si ni vizuri?" nilimuuliza Emmaculate. "Wataona mifupa, wanyamaze."

"Lynnet, hakuna mifupa. Kuna yago."

Kwetu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, haachwi hivyo hivyo. Wazee huchukua tunda la mti wa yago, refu na zito kama mguu wa mtu, wakalilaza kaburini, likaliliwa na kufukiwa nyumbani kwake. Tangu hapo hakuna anayesema mle mna tunda. Ni kaburi lake, na yeye yuko pale. Emmaculate alinong'onezwa na nyanya yake mara moja tu, nyanya akiwa mgonjwa. Zablon hakuwahi kuambiwa.

"Kwa nini hukumwambia?" Niliwaka, maana sikuwa na la kusaidia na hasira ndiyo iliyokuwa karibu.

"Nimwambie nini? Kwamba mzee hayuko? Mimi ndio nitoe mzee kwa kaburi yake?"

Alhamisi nilimsindikiza. Hakuwa ametia kitu mdomoni, na alinishika mkono mpaka ukaniuma. Mara mbili alimwita Zablon pembeni amwambie ukweli, na mara zote mbili akaishia kumuuliza kama amekunywa chai.

Pale shambani palikuwa na mawe machache yaliyozama kwenye nyasi. Mwenyekiti wa tume, mzee Farah, mtu wa Garissa, alituamkia kwa heshima. Wachimbaji wakavua mashati. Jembe la kwanza lilipozama, Emmaculate akapiga kelele.

"Ngojeni! Hakuna mtu hapo!"

"Waya, unasema nini?" Zablon alimgeukia shangazi yake, akimwita kwa lugha yetu, uso umemwiva.

Emmaculate akaeleza yote. Zablon aliketi chini na suruali yake ya kazini. Wakili alicheka, tena kicheko cha kweli.

"Tunda! Mheshimiwa, wametuleta hapa kwa sababu ya tunda tu!"

Farah hakucheka. Alisema lazima wachimbe waone. Walichimba mpaka kiunoni, ukatoka udongo, na chini yake udongo. Emmaculate alisogea ukingoni akachungulia. Ndipo alipolia, kilio cha mtu aliyefiwa siku hiyo hiyo, na mimi nililia naye. Nilimchukia kila mtu aliyevaa viatu vizuri pale.

Kisha akajifuta kwa leso, akaenda kwenye mti wa yago ulio karibu na ua, akaokota tunda lililoanguka na kurudi amelikumbatia.

"Kaburi haiachwi wazi," alimwambia Farah. "Nyinyi mmemtoa. Mimi namrudisha."

"Hapana!" Wakili alimkingia njia. "Hakuna kuzika hiyo kitu kwa shamba ya mteja wangu! Wakizika hapa, kesho ukoo mzima watakuja kusema hapa ni kwao!"

Farah alimgeukia.

"Wakili, si umesema ni tunda tu?"

Farah akamwambia karani ayaandike maneno yote mawili, ya kwanza na ya pili, kama yalivyosemwa. Uamuzi haujatoka hadi leo, na simu ya Zablon ikilia sote tunashika vifua.

Lakini siku ile Farah alisogea kando, akavua kofia yake. Emmaculate alibaki amesimama na mzigo wake, hajui kama mpwa wake atamsemesha tena. Zablon aliinuka bila kujipangusa, akashuka shimoni na viatu vyake, akainua mikono.

"Polepole, waya," alisema. "Nipe upande ya kichwa kwanza."