Kijicho cha Dhahabu

Dhahabu alikuwa fundi wa ushanga katika karakana ya Bombolulu, Kisauni, kwa miaka kumi na tisa, na hapakuwa na wa kumshinda mkono, mpaka maradhi ya viungo yalipomvimbisha vidole. Eddah, waliyeshona naye meza moja, alipatwa na maradhi yaleyale mwaka uliofuata. Chupa ya maji wakawa wanaifungua wawili, mmoja ameshika, mwingine anazungusha. Kliniki walikwenda pamoja, hadi yalipokuja majaribio ya sindano mpya.

Muuguzi Menza aliwaeleza taratibu. Mwilini mna seli za ulinzi ziitwazo seli T, na seli hizo hazianzi vita kwa ishara moja. Ya kwanza huzijulisha zimekutana na nini. Ya pili ndiyo ruhusa ya kushambulia. Zikiikosa, hutulia. Wao maradhi yao ni kwamba ruhusa ilitolewa pasipo adui, seli zikageukia viungo vyao wenyewe. Sindano ile huizuia ishara ya pili.

Eddah alikubaliwa. Damu ya Dhahabu ilionyesha vijidudu vya TB vilivyolala tu mwilini.

"Tukiwapunguza nguvu walinzi wako, Mama Dhahabu, vijidudu hivyo vitaamka," alisema Menza. Kwanza ameze vidonge miezi mitatu, kisha wataona.

Mwezi wa pili Eddah akaweza kukunja ngumi. Msimamizi akampa kazi ya mkufu wa bibi harusi, kazi ambayo tangu zamani ilikuwa ya Dhahabu. Dhahabu akampa hongera, huku moyo ukimchonyota. Alimwonea kijicho hata namna alivyotunga uzi kwenye sindano. Chakula cha mchana akaanza kula peke yake.

Mwezi wa tatu Eddah akaanza kukohoa, akawa anavaa sweta katika joto lote lile la Kisauni. Alimwomba Dhahabu asimwambie mtu, maana aliogopa atasimamishiwa sindano. Dhahabu akamwahidi. Siku ya kuchukua vidonge vyake, akamweleza Menza yote. Njiani kurudi aliviona akilini vidole vya Eddah vikivimba na kukakamaa upya, akaona raha.

Eddah aliitwa siku hiyohiyo, akakutwa na nimonia. Alilazwa siku tisa, na daktari akasema angechelewa kidogo tu wangempoteza. Sindano ikasimamishwa.

Aliporudi kazini alileta bakuli la kaimati, akamshukuru Dhahabu mbele ya mafundi wote. Dhahabu akairudisha kaimati yake bakulini. Jioni Dhahabu akamfuata nje.

"Usinishukuru, Eddah. Sikwenda kukuokoa. Nilitaka wakukatie sindano."

Eddah akauliza, "Ukafurahi?"

"Nilifurahi. Mpaka niliposikia umelazwa."

Eddah akachukua mkoba wake, akaenda zake. Wiki nyingi zilipita baina yao ikiwa ni salamu tu, na chupa ya maji kila mtu akahangaika na yake.

Dhahabu alikuwa amemaliza vidonge, akakubaliwa. Eddah alikuwa ameruhusiwa kuendelea, na siku moja wakajikuta kwenye viti vya jirani, mikono wameinyoosha wakisubiri kuchomwa.

"Vidole vyangu vitafunguka kabla ya vyako," alisema Eddah bila kumgeukia.

Dhahabu alijua ni kweli. Ikamuuma, wala hakuficha.

"Najua," akajibu. "Lakini ukikohoa tena, nitasema tena."

"Sema," akasema Eddah, akakunja mkono wa nguo yake.