Nyumba Isiyotoa Moshi

Nilipokuwa msichana wa miaka tisa, kijijini kwetu nje ya Kangeta, tuliogopa mugiro kuliko nyoka. Mugiro ni mkosi unaomshika mtu aliyevunja mwiko. Ukishaingia nyumba, nyumba hiyo hainyimwi salamu lakini hunyimwa moto, na hakuna anayekula cha chungu chake mpaka mbuzi achinjwe. Mwaka ule waliamua umeingia kwetu.

Mama alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, akaishi siku sita tu. Baada ya mazishi mama alikaa kando ya mafiga akitazama majivu. Hakulia, hakuchana nywele. Nikimwita, aligeuka polepole kama mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Baba alishinda sokoni akiuza miraa na kurudi amekasirika. Kwao mama ni Kiambere, mbali huko kwenye joto, na kwetu hakuwa na hata binamu mmoja wa kumsemesha Kimbeere. Mimi niliona tu kwamba mama anaisha.

Nyanya, mama yake baba, akatoa hukumu. "Ameamka kitandani kabla ya siku zake za uzazi kwisha, akaenda kuchuma mboga. Hiyo ni mugiro. Mbuzi asipopatikana wiki hii, arudi kwao."

Arudi kwao! Na mimi nibaki na nani? Asubuhi nilichukua kigae changu nikaenda kwa jirani, Mama Karimi, kuomba makaa kama kila siku. Kiberiti kilikuwepo dukani, lakini moto wa kuombwa ndio ulioonyesha kwamba mna watu. Alisimama mlangoni.

"Kendi, nakupenda, lakini hiyo moto siwezi kupea nyumba yenu."

Basi nikaiba. Nyanya alipokwenda kukama, niliingia jikoni kwake nikachota makaa matatu. Nilipika uji wa wimbi kwenye chungu cha mama, nikaunywa nje, kando ya njia, kila mtu aone. Nyanya alishika kichwa.

"Wewe mtoto! Utavimba tumbo!"

"Basi nivimbe."

Nilisema kwa ukali, lakini siku nzima nilikuwa nikijipapasa tumbo. Halikuvimba. Kesho yake nikapika tena, na mama akanywa nusu kikombe.

Siku ya tatu Nyanya aliingia na kikombe chake mwenyewe, akaketi. "Nipe." Akanywa wote. Kisha akasema bila kututazama, "Hata mimi nilikaa hapo hapo, baada ya mtoto wangu wa pili. Walichinja mbuzi. Sikupona. Nilipona dada yangu alipokuja tukalala kitanda kimoja."

Mama akainua macho. "Niitieni Ciarunji," akasema. Ciarunji ni dada yake. Alikuja kutoka Kiambere akakaa hadi maharagwe yakavunwa. Mama hakupona kwa siku moja, lakini alipona, na hakurudishwa popote.

Nilimkasirikia Nyanya miaka mingi. Alijua, akanyamaza! Sasa nadhani aliliogopa jiko lile kwa sababu alilijua.

Nami nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, hapa Kaaga, nilikaa nikitazama ukuta kwa macho yale yale ya mama. Muuguzi wa kliniki aliiita hali hiyo sonona. Aliniuliza ninaishi na nani, nani ananisaidia, kama mume wangu yuko karibu, kama kwetu kuna aliyewahi kuugua hivyo. Hakuniuliza kuhusu mboga. Nilimeza dawa zake, nikampigia mama simu, naye akaja na unga wa wimbi begani.

Kijijini, nyumba ya aliyejifungua isipotoa moshi kila mtu aliona, kisha akapita njia nyingine. Mugiro nilioujua mimi ni huo, na nimekataa kuupitisha kwa mtu. Huku mjini tunapika kwa gesi, moshi haukuambii kitu. Kwa hiyo nikisikia jirani amejifungua, sisubiri kuitwa. Nabisha hodi, naingia mpaka jikoni, nauliza sufuria iko wapi. Siondoki mpaka tumekunywa uji, sote wawili.