Begi la Kuzamia Liache Riyadh

Kuna siku moja, mwanangu Mumbua, ambayo naikumbuka hata nisipotaka, na tangu uliponitumia ile orodha yako asubuhi imenirudia yote. Unasema Alhamisi unakuja Jeddah kutoka Riyadh na wauguzi wenzako kuzamia, na umenunua seti nzima ya vifaa kwa mtu anayerudi kwao. Unaniuliza ubebe vyote au vingine ukodi huku. Nimekaa, nimesimama, nimetoka hadi getini na kurudi. Chai imepoa mezani. Sitatulia mpaka nikuambie.

Mwaka jana uliponitembelea hapa Al-Safa, Jeddah, uliniuliza kwa nini kila nikitaka kusema na bosi nazunguka kwanza upande wake wa kulia. Nikakujibu kwamba ni adabu za kazi. Nilikudanganya.

Wakati ule wewe ulikuwa mdogo, nami na nyumba ya bosi tulikuwa Riyadh bado. Shule zikifungwa, nyumba nzima ilihamia Jeddah kwa likizo, mimi dereva wao nikiendesha. Bosi alipenda kuzamia, na kwa kuwa hakuna anayezamia peke yake, alinilipia mafunzo ili niwe mwenzake. Mimi, Mkamba wa Mwingi, niliyekuwa najua maji ya ndoo tu. Nilipopata cheti kichwa kilivimba. Nikaenda Al-Dirah, kwenye duka la vitu vya mitumba, nikanunua jaketi ya kuelea, suti, na kipumulio, yaani ile sehemu ya kinywani inayoleta hewa kutoka kwenye mtungi. Miwani ya kuzamia niliiona kitu kidogo. Nikasema hiyo nitakodi ufukweni.

Ile picha iliyo ukutani kwa nyanya yako, mimi nimevaa jaketi, inayowafanya watu wa nyumbani waniite nahodha, haikupigwa baharini. Ilipigwa juu ya paa Riyadh, karibu na chumba changu, na ukiangalia vizuri utaona matangi ya maji ya nyumba nyuma yangu. Nilimpa picha hiyo mtu aliyekuwa akienda likizo awapelekee. Basi vile vifaa vikakaa huko juu karibu mwaka mzima, kwenye jua na vumbi, ndani ya begi. Nilivipangusa siku za kupiga picha tu.

Tulipofika Jeddah, vifaa vya kukodi vilikuwa mikononi mwa Mzee Kombo, Mzanzibari aliyejaza mitungi ya hewa maisha yake yote. Alikitazama kipumulio changu, akaukunja mpira wake kwa vidole, akaniuliza fundi alikifungua lini. Nikamwambia ni changu, nakijua. Akaniletea cha kwake, akasema alikisafisha juzi kwa mkono wake. Nikakataa. Bosi alikuwa amebeba kamera, nami nilitaka nionekane na vitu vyangu. Mzee hakubishana. Alinipa miwani niliyoomba, na ilikuwa pana kuliko uso wangu huu mwembamba, lakini nikaikaza mkanda nikajifanya imenikaa.

Mwanangu, chini kule hakuna pa kusimama ufikiri. Kwanza miwani iliingiza maji, nikaacha kuona. Nikavuta pumzi nitulie, na kipumulio kikanipa hewa iliyochanganyika na maji. Nikavuta tena, maji yakazidi. Bosi alikuja, akanipa kipumulio chake cha akiba kama tulivyofundishwa, na hapo ndipo nilipaswa kutulia. Sikutulia. Nilimkumbatia kwa nguvu zangu zote nikaipiga mateke bahari, nikapanda naye juu kwa kasi, yeye akinipigapiga begani nipunguze mwendo. Tulipotokea juani damu ilikuwa inamtoka kwenye sikio la kushoto.

Nilidhani nimepoteza kazi, na ikama, kibali changu cha kuishi huku, na kila kitu. Nilitaka anitukane. Daktari alimwambia sikio lile halitasikia tena wala asizamie tena, naye alipotoka alinitazama akasema, "Halas, yameisha, tumerudi wazima." Hajarudia jambo hilo hadi leo. Lakini bahari hajaingia tena, mtu aliyeipenda vile, na mimi ndiye ninayemwendesha kando ya bahari hiyo kila siku.

Aliyenisema ni Mzee Kombo. Nilipomrudishia miwani yake aliniweka kwenye kiti, akakishika kile kipumulio changu mbele ya macho yangu.

"Wewe bwana hukununua vifaa vya kuzamia," akasema. "Umenunua picha. Kitu cha baharini kinataka kuoshwa, kinataka kivuli, kinataka fundi. Huko unakolala unavyo?"

Nililia pale pale, nami sikuwa kijana mdogo.

Kwa hiyo nisikilize. Baki na kile unachoweza kukitunza mahali unapolala. Miwani iwe yako, uijaribu usoni mpaka ishike bila mkanda, na ije nawe kwenye mkoba wa mkononi. Ile saa inayoonyesha kina nayo, ukiweza, iwe yako, maana ni ndogo na utaizoea. Mtungi na risasi za kiunoni, zile za kukuzamisha, usizifikirie kabisa. Jaketi na kipumulio kodi huku, kwa mtu atakayekuonyesha anavyovitunza, na uvijaribu kwenye maji mafupi kabla ya kushuka. Siku utakapohamia karibu na bahari, ukawa unazamia kila wiki na fundi unamjua, tumia vyako vyote, nitakushangilia. Kwa sasa, begi lile liache Riyadh. Ukiona haya mbele ya wenzako, sema baba amekataa.

Nitakungoja Sharafiya, pale basi linaposhushia watu. Bosi nimemwambia unakuja, kutoka upande wake wa kulia. Alicheka, akafurahi, kisha akalishika sikio lile la kushoto.

Mungu akutangulie njiani na majini, mwanangu. Akupe mwenzako mtulivu, nawe uwe mtulivu kwa mwenzako, na awarudishe juu polepole, kila mmoja na masikio yake mawili.