Mkalimani wa Bondeni

Nasimiyu alizaliwa mtaa wa Bondeni, Nakuru, mjukuu wa fundi wa reli. Akiwa kijana alienda Juba kupika hotelini, akakaa miaka mingi, akarudi Nakuru na Kiarabu cha huko, kile cha sokoni. Akafungua kihoteli mtaa wa Free Area. Chapati zake zilikuwa laini na wateja walimpenda. Kile Kiarabu kilikuwa kimeanza kumtoka.

Asubuhi moja polisi alisimama mlangoni. "Mathe, si wewe unajua Kiarabu? Kuna mama tumemshika, hakuna mtu anamwelewa. Leo anapelekwa kotini."

Mama huyo alikuwa Ihsan, mkimbizi wa vita vya Sudan. Alikuwa na binti mdogo aliyelala begani pake. Alikuwa ameshuka kwenye lori mjini, akamwendea bawabu wa benki kumwuliza wakimbizi wanaandikishwa wapi. Bawabu hakumwelewa, akaita polisi. Sasa alishtakiwa kwa kuingia nchini bila kibali, na mwendesha mashtaka alitaka arudishwe kwao.

Kotini Nasimiyu aliapa kwamba atatafsiri kila neno kama lilivyosemwa. Kiarabu cha Ihsan kilikuwa tofauti kidogo na chake, kwa hiyo alimwomba aseme polepole.

"Uliingia Kenya kwa njia gani?" hakimu aliuliza.

Ihsan akajibu bila kusita. Nasimiyu aliona jibu hilo lingemponza. Angeweza kusema tu, "Hakumbuki." Nani angejua? Akamtazama mtoto, halafu akamtazama hakimu.

"Anasema alipitia porini, Mheshimiwa. Kituo cha mpakani alikiona, akakizunguka. Aliogopa watamrudisha."

Mwendesha mashtaka alitabasamu. Nasimiyu alitamani sakafu immeze. Alijiona amemuuza mama wa watu kwa mdomo wake mwenyewe.

Ndipo Jerop, wakili aliyejitolea kumtetea Ihsan, akasimama. "Mheshimiwa, hatukatai. Lakini nchi yetu ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa wakimbizi, na sheria yetu wenyewe inasema vivyo hivyo. Anayekimbia vita harudishwi kwenye hatari. Wala haadhibiwi kwa njia aliyopitia, akijitokeza bila kukawia. Huyu alikamatwa akiuliza mahali pa kujiandikisha!"

Hakimu alimgeukia Ihsan. "Ukirudi, nini kitakupata?"

"Mtaa wao ulichomwa," Nasimiyu alitafsiri. "Anasema hakuna wa kumrudia. Waliobaki hai wametawanyika."

Hakimu aliandika kwa muda, kisha akasema kwamba mashtaka yameondolewa na Ihsan apelekwe kwa maafisa wa wakimbizi siku hiyohiyo.

Nasimiyu alipomtafsiria, Ihsan hakulia. Aliuliza tu, "Una uhakika?"

"Nina uhakika, dada yangu. Hakuna anayekurudisha."

Nje ya koti Nasimiyu alimwambia Jerop, "Wakili, nilikaribia kudanganya."

"Afadhali hukudanganya. Wangegundua, nani angeamini mengine yote aliyosema?"

Siku hizi koti humwita Nasimiyu kila akipatikana mtu anayesema Kiarabu, naye huvua aproni na kwenda. Ihsan alipata hati zake, na amepanga chumba Bondeni. Jumapili Nasimiyu akitoka kanisani hupitia kwake, wakala pamoja, huku Ihsan akimsahihisha Kiarabu chake na kumcheka mpaka machozi.