Maziwa kwenye Chai ya Kichina

Harufu ya maziwa yaliyofurika motoni hunirudisha kwetu Itumbe, katikati ya michai. Nilikuwa bado navaa sare ya shule. Mwalimu wangu wa somo la Kichina alikuja nyumbani kuwatoa wazazi wasiwasi, maana mama alikuwa amekataa katakata niende kusomea China. Mwalimu alileta majani chai ya kijani kutoka huko. Mama akayachemsha kwa maziwa na sukari, kama yetu. Mwalimu akanywa, akaomba kikombe kingine.

“Kwani huko wanakunywaje?” mama akauliza.

“Kwa maji matupu, mama. Hata sukari hawatii.”

Mama akashika kifua.

“Maskini! Basi aende akawasaidie.”

Leo huku China theluji inaanguka, na majirani zangu Wachina wanabisha mlangoni, kila mmoja na kikombe chake.